Risasi za Kumuaga Koplo Salem

Asubuhi ile Timbwani nzima ilikwishajua kwamba Koplo Salem atazikwa kwa bunduki. Wa kulaumiwa ni Jafar, mdogo wake marehemu. Ndiye aliyepiga simu kwenye kambi alikostaafia kaka yake, akaomba askari waje wapige risasi za heshima kaburini, kisha akapita baraza kwa baraza akitangaza kama anaalika watu harusini. Hata wasiomjua Salem walivaa kanzu.

Habari ilimkuta Kuluthum, mjane, ameketi ndani na wanawake wenzake wakisoma Yasini. Akajikokota hadi mlangoni, akamwita shemeji yake.

"Jafar, risasi hapana. Kaka yako aliusia."

"Aliusia lini? Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Shemeji, wallahi sikufahamu. Mtu kapigana Somalia, karudi na nishani, leo tumzike kimya kama mwizi? Haya, nipe sababu nikawaambie watu."

Sababu alikuwa nayo. Salem huyo huyo aliyepishwa njia na vijana wa mtaa, tangu atoke vitani, fataki za mwaka mpya zikilia alikuwa akiingia chini ya kitanda na kutetemeka hadi meno yakagongana. Kuluthum akiingia naye. Mwishowe wakatandika godoro huko huko. "Siku nikifa wasinipigie bunduki, Kulu," alimwambia. "Na usimwambie mtu kwa nini." Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa moja tu.

Sasa ahadi mbili zilikuwa zinakabana koo. Akinyamaza, bunduki zitalia juu ya mtu aliyeziogopa kuliko mauti. Akisema, mtaa utamzika shujaa mchana na jioni utamcheka mwoga. Tusidanganyane, midomo ya barazani haimhurumii hata maiti.

"Sababu ni kuwa yeye mwenyewe kasema," alijibu.

Jafar alitikisa kichwa, akaenda zake.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Mwanamke wa kwao haendi makaburini, sembuse mjane aliye edani. Jeneza likishavuka kizingiti, neno lake halitafika tena. Kuluthum alitamani kupiga kelele.

Ndipo akaingia kiongozi wa wale askari kutoa mkono wa pole. Alikuwa Sajenti Nafula, mwanamke wa bara, amejitanda leso ya kuazima juu ya magwanda. Wanaume walikuwa wamemwonyesha mlango wa uani, waingiako wanawake. Kuluthum hakungoja pole. Alimshika mkono, akamvuta chumbani na kufunga mlango.

"Mwanangu, nakuomba, wasimpigie risasi. Ni wasia wake."

"Pole sana, mama. Lakini hiyo ni amri, imetoka juu. Nikiigeuza nitaulizwa. Nipe sababu."

Kuluthum aliinamisha uso kuficha machozi, na macho yake yakaenda yasikotakiwa kwenda. Chini ya kitanda godoro lilikuwa bado limetandikwa, na mito miwili.

Nafula aliyafuata macho yale. Akainama, akatazama. Nimemuuza mume wangu, aliwaza Kuluthum, na akajichukia.

"Nitajua la kuwaambia," alisema Nafula, akatoka.

Jeneza lilitoka likiwa na bendera juu yake, na sauti za wanaume wakileta tahalili zikaelekea msikitini, kisha makaburini, nyuma tu ya nyumba zile. Nafula hakuwafuata, makaburini yeye pia hakuwa na nafasi. Alirudi chumbani, akaketi kwenye mkeka karibu na mjane.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wazielekeze bunduki chini, zisilie. Lakini shemeji yako bado anabishana nao."

Wakangoja. Nje tahalili zilikwisha. Kuluthum alijaribu kuomba dua, akasahau maneno.

Paa!

"Wamempigia!" alilia, mikono kichwani. "Ewe Mola wangu, wamempigia!"

Paa! Kisha injini ikanguruma, ikapita dirishani na kufifia kuelekea barabarani. Ilikuwa pikipiki ya bodaboda yenye ekzosi mbovu. Kuluthum alishusha pumzi, akageuka amwambie mgeni wake.

Mkeka ulikuwa mtupu. Leso ilikuwa imeanguka sakafuni, na buti mbili nyeusi zilichungulia kutoka chini ya kitanda, zikitetemeka.

Kuluthum hakumwita mtu. Alipiga magoti taratibu, akajipenyeza mahali pake pa siku zote, akaweka kiganja mgongoni mwa yule binti. Alisikia huruma ikimjaa kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Salem afe akajua mikono yake ifanye nini.

"Ni pikipiki, mwanangu," alimnong'oneza. "Ni pikipiki tu. Ishapita."

Baadaye miguu ya wanaume ikasikika uani, na sauti ya Jafar.

"Shemeji! Hawakupiga. Wameelekeza bunduki chini, wakainamisha vichwa, kimya. Watu wazima wamelia. Wasikia?"

"Nasikia," alijibu Kuluthum kutoka chini ya kitanda, na hakutoka mpaka ule mgongo ulipotulia.