Wekeni Kalamu Chini

Choo cha stendi ukikizoea unaweza kukivumilia. Mimi kinachonitia kinyaa mpaka leo ni daftari safi la mwanafunzi asiyejua kilichomo.

Nafundisha Bayolojia katika sekondari moja huku tambarare, si mbali na Makanya. Nilipofika nilikuta desturi yao: mwalimu anampa kiongozi wa darasa notsi zake za miaka nenda rudi, kiongozi anazimwaga ubaoni, wenzake wananakili mpaka mkono unakufa ganzi. Notsi zenyewe za Kiingereza. Ukimuuliza mtoto maana yake, anakuonyesha alivyopiga mistari kwa rula.

Siku ya kwanza niliwaambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti, “Wekeni kalamu chini. Sikilizeni.”

Vichwa vyote vikainama na kalamu zikaanza kukwaruza. Nikapita kati ya madawati kuangalia. Walikuwa wameandika sentensi yangu hiyo hiyo, neno kwa neno, na Abdulrahmani, kiongozi wa darasa, alikuwa anaipigia mstari kwa wino mwekundu.

Aliyeniuma zaidi ni Husna. Alikuwa anarudia kidato cha pili. Mwaka uliopita alinakili kila kitu, akafeli, na akifeli tena Novemba ndiyo basi: baba yake alishasema atampeleka Mombo, akakae dukani kwa shangazi. Binti mwenyewe alitaka kuwa nesi.

Nikamshika. Nikamfundisha kusikiliza kwanza, kisha kuandika maneno machache, ya kwake mwenyewe, na kuacha nafasi pembeni kwa maswali. Jioni afunge daftari amweleze mtu nyumbani bila kuchungulia. Mwanzoni mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Baadaye akaanza kunisumbua kwa maswali, na mimi nikafurahi kusumbuliwa.

“Madam, ini ni ndiva,” aliniambia siku moja.

“Ndiva kivipi?”

“Si lile bwawa la kule mlimani kwa bibi? Maji yanajaa usiku, asubuhi wanafungulia yaende mashambani. Tukila, sukari inayobaki ini linaitunza. Tukikaa na njaa linafungulia kidogo kidogo.”

Mimi nimezaliwa Mhezi, kule kule mlimani, nimekula mahindi ya maji hayo tangu utoto, na sikuwahi kuliona ini hivyo. Pembeni mwa daftari lake alikuwa amechora bwawa dogo na mlango wake. Kwa mara ya kwanza shuleni pale nilijisikia mwalimu.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi mmoja kabla ya mtihani, msimamizi wetu wa taaluma, Mwalimu Fredrick, alikusanya madaftari, akaniita ofisini. La Husna lilikuwa wazi mezani.

“Mwalimu Irine, wakaguzi wakija tuwaonyeshe nini? Kurasa nusu tupu! Na hili bwawa linatafuta nini kwenye Bayolojia?”

“Mwite umuulize. Atakueleza vizuri tu.”

“Sina muda wa kumuuliza. Mimi nakagua madaftari.”

Alilisema hilo bila aibu, huku akipuliza chai yake. Akatoa amri kwamba asiye na notsi kamili haingii chumba cha mtihani, na Husna aazime daftari la Abdulrahmani, alinakili lote upya kwenye daftari jipya. Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu akaniambia nifuate utaratibu.

Basi Husna akanakili. Wenzake wakienda mapumziko yeye yuko dawatini, wakienda nyumbani yeye yuko dawatini. Maswali yakakoma, na nyumbani hakuwa na nafasi tena ya kumweleza mtu chochote.

Wiki ya mwisho nilisimama mbele ya dawati lake. “Husna, ini linafanya kazi gani?”

Aliniangalia kwa macho mekundu, kisha akaanza kufunua kurasa. “Subiri, madam. Huko bado sijafika.”

Siku ya kurudisha madaftari, Mwalimu Fredrick alilitembeza la Husna ofisi nzima. Alikuwa ameliandikia “Safi sana” na kulitia sahihi. Nikalichukua, nikatafuta lile bwawa lake. Halikuwepo. Nikarudi ukurasa wa kwanza, na hapo, kwa mwandiko mzuri, chini yake mstari mwekundu ulionyooka kabisa, alikuwa ameandika: Wekeni kalamu chini. Sikilizeni.