Mchele Ndani ya Fuvu

Tangu asubuhi sijakaa chini. Mdogo wangu wa kiume, tunayemwita Bosi kwa sababu alizaliwa anatuma watu, anakuja kumchukua mama ampeleke nyumba ya wazee. Tangu apigwe kiharusi, mama hasemi neno. Anakaa, anaangalia. "Hajui lolote tena, dada," Bosi aliniambia kwenye simu. "Tusijidanganye." Nikamkatia.

Na kazi nayo, ninayoifanyia hapa hapa sebuleni, hainisubiri. Natengeneza maonyesho ya makumbusho, na safari hii ni ubongo ulivyokua: mafuvu ya plasta, nakala za yale ya kale, yapangwe mezani kwa mstari. Ubongo wenyewe huoza, kinachobaki ni tundu lake. Basi unajaza fuvu mchele mpaka pomoni, unaumwaga kwenye jagi la vipimo, unasoma. La kale kabisa linameza kidogo tu. Letu, karibu mara tatu yake. Katikati hapo ni mamilioni ya miaka ya kuchonga mawe, na wataalamu bado wanabishana maneno yalianza lini. Mimi naamini mikono ilitangulia. Lakini hebu kamwambie Bosi hayo!

Nikapima, nikakosea. Nikarudia, nikakosea tena. Nikaenda dirishani, nikarudi. Plasta inamomonyoka humo ndani, chenga zinaingia kwenye mchele. "Aa, potelea mbali!" Nikaumwaga wote kwenye sinia, nikalisukuma pembeni, karibu na kiti cha mama, nikaenda mlangoni maana Bosi alishaanza kubisha kama askari.

"Yuko tayari?"

"Salamu umeziacha kwenye gari?"

Begi la mama lilikuwa hapo hapo mlangoni. Akalitazama, akanipita. Tulipofika sebuleni tukasimama wote wawili.

Mama alikuwa amelivuta sinia mapajani. Mkono wake wa kushoto, ule uliopona, ulikuwa unatembea kwenye mchele upesi upesi, unasukuma, unadokoa chenga za plasta moja moja na kuziweka ukingoni. Hakuacha hata moja.

"Mazoea tu hayo, dada," Bosi alisema, ila sauti ilimtoka nyembamba.

"Kwani mtu ni nini kingine?" Nilikuwa na hasira, na furaha pia, sijui ipi ilizidi.

Mama akainua macho. Akamwona Bosi. Akazikusanya chenga kwenye vidole, akanyoosha mkono, akasubiri.

Zamani, mama akichambua mchele, sisi wakubwa tulitumwa maji. Bosi, kitinda mimba wake, kazi yake ilikuwa kukinga kiganja, apokee mawe akayatupe nje. Hakuna mtoto mwingine aliyewahi kupewa kazi hiyo.

Bosi, na tai yake shingoni, akakinga kiganja. Akatoka. Nikamsikia uani akipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya mama, akakinga tena.

Begi nililirudisha chumbani mwenyewe. Wala Bosi hakuliulizia.