Simu Imfuate Mgonjwa

Mimi huogopa kuongea kwenye simu. Nilisomea mitambo ya mawasiliano nikidhani anayeunga nyaya hatadaiwa maneno, na hospitali iliponiajiri ilikuwa hivyo kweli. Nilipewa kiti kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, nikakaa na kisanduku cheusi kilichokuja kumrithi Bi Haloo.

Bi Haloo alikuwa opereta wa simu humo chumbani tangu kabla sijazaliwa. Ijumaa alistaafishwa, Jumatatu tukawasha kisanduku. Injinia, mkuu wangu, alikiita lango. Simu zote za nje hupita humo, na lango husoma kanuni tulizoandika kutoka juu kwenda chini. Kanuni ya kwanza inayoifaa simu ndiyo inayoipeleka. Zilizo chini yake ni kama hazipo.

Kanuni aliyojivunia Injinia ilikuwa moja: simu imfuate mgonjwa. Kila mgonjwa hupewa namba siku ya kulazwa. Ndugu akipiga, anabonyeza namba ile, lango linatazama kwenye kompyuta ya hospitali mgonjwa yuko wapi, na simu inalia huko huko. Akihamishwa wodi, simu inahama naye.

"Hata akienda chooni tutampata," alisema Injinia, na wakubwa wakacheka.

Tuliijaribu kwa wagonjwa wa kubuni. Tuliwalaza, tukawahamisha, tukawaruhusu warudi nyumbani. Hatukumuua hata mmoja.

Jumatatu hiyo asubuhi niliona mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta yangu ukibadilika. Mzee wa kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, alikuwa amehamishwa. Pembeni ya namba yake palisomeka namba ya ndani ya mochwari.

Mkewe nilimjua kwa masikio tu. Ni fundi cherehani, na alipiga kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia.

"Unamtafuta mumeo au unatafuta wa kugombana naye?" Bi Haloo alikuwa akimtania.

"Si ni huyo huyo mmoja, shoga yangu!"

Bi Haloo alikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa akifariki, wodi ilimnong'oneza, naye akaweka kizibo chekundu cha soda kwenye ubao wake wa kuungia simu, juu ya tundu la wodi hiyo. Kizibo kikiwapo, hakuna simu iliyopita kabla yeye mwenyewe hajajua ni ya nani.

"Usiseme amekufa, usiseme mzima," aliniambia siku moja, akifuta vizibo kwa upindo wa gauni. "Anza kwa kuuliza, uko na nani hapo? Msiba hapewi mtu aliye peke yake, mwanangu."

Habari za vizibo nilimfikishia Injinia, kwa sauti yangu hii ndogo. Alisema ni mambo ya kizamani.

Sasa nilipiga mochwari. Mlio wa kwanza haukuisha.

"Mochwari, sema!" ilinguruma sauti.

Nilimweleza mhudumu. "Dada, nitajuaje simu ni ya nani?" akasema. "Ikilia napokea. Nisipopokea wanasema nimelala na wenyeji wangu."

Nikamkimbilia sista wa wodi. Glavu zake zilikuwa na damu. "Sasa hivi siwezi, mdogo wangu," alisema bila kuinua kichwa. "Sina hata mkono wa kujikunia."

Injinia alikuwa ukumbini na wakubwa, kwenye uzinduzi wa lango. Nilimvuta pembeni, nikamwomba tubadilishe kanuni.

"Leo? Hakuna kugusa kanuni. Jioni tutaangalia."

"Mkewe atapiga sasa hivi."

"Atapiga, atapokelewa. Si ndiyo kazi ya simu?"

Nilirudi chumbani. Nikaandika kanuni mpya nikaiweka juu kabisa, juu ya ile ya Injinia: namba ya mzee yule ikibonyezwa, simu iende kwenye meza ya… Ya nani? Sista hana mkono. Ubao wa Bi Haloo umeng'olewa, ukutani pamebaki alama za skrubu. Simu iliyobaki ilikuwa yangu. Nikaandika namba yangu, nikahifadhi, nikakaa nikiitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

Ikalia.

"Haloo, shoga!" Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikikimbia. "Leo nimeongea na mashine kwanza, eti bonyeza namba. Nikasema, au Bi Haloo kaninunia? Haya, nipe huyo mzee. Mwambie suruali yake nimeipunguza kiuno, maana nyie mmemkausha."

"Mama," nikasema, "siyo Bi Haloo. Amestaafu."

"Oo. Samahani, mwanangu. Basi nipe mzee."

"Mama, uko na nani hapo?"

Cherehani ikasimama.

Mahali fulani mbali ilisikika honi ya gari.

"Niko peke yangu," alisema hatimaye. Kisha polepole, kana kwamba yeye ndiye anayenielekeza kazi, "Ngoja. Usikate. Nimwite jirani wa duka la pili."

Kiti kiliburutwa, ndala zikaondoka. Nikabaki na simu sikioni. Injinia alitokea mlangoni, beji ya uzinduzi ikining'inia shingoni.

"Nani kagusa kanuni?"

Nilimwinulia kiganja asubiri. Nilikuwa sijawahi kumwinulia mkubwa kiganja. Kwenye kioo mstari mwingine ulikuwa umebadilika, wa wodi ya watoto, nao ukisomeka mochwari. Kwa mkono uliobaki huru, yeye akitazama, nilifuta namba ya mzee kwenye kanuni yangu, mahali pake nikaandika namba ya mochwari: simu ya ndugu inayoelekea huko ije kwangu.

"Na nani atakuwa anazipokea hizo?" aliuliza.

Ndala zilikuwa zinarudi, jozi mbili, moja ikijikokota.

"Haya," alisema fundi. "Tuko wawili sasa. Sema, mwanangu."