Binti wa Daftari

Jumatatu asubuhi bosi aliingia kwenye karakana ya sare za shule na binti wa chuo, akamketisha karibu na mlango. "Huyu anasoma saikolojia, mwaka wa kwanza. Atakaa nanyi siku nne. Msimjali, fanyeni kazi kama kawaida."

Kama kawaida! Fundi waliyemwita Chapuchapu, kwa wepesi wa mikono yake, machale yalimcheza papo hapo. Binti mwenyewe alikuwa mpole, salamu zake za heshima, lakini mtu akiinua kichwa tu, kalamu inatembea. Akiulizwa anaandika nini, anatabasamu: "Mwalimu amesema nisiseme mpaka nimalize."

"Huyo ametumwa," Chapuchapu alimnong'oneza shangazi yake kwenye cherehani ya jirani. "Anatafutwa mtu wa kupunguzwa."

Shangazi ndiye aliyemwingiza kazini hapo, miaka tisa iliyopita. Sasa macho yalikuwa yanamtupa mkono, na siri hiyo waliijua mafundi peke yao. Kila siku Chapuchapu alimtilia uzi kwenye sindano, akampangia mikono ya mashati, ya kulia huku, ya kushoto kule. Mbele ya daftari lile, nani angethubutu?

"Usinisogelee, mwanangu," shangazi alisema. "Utaniponza."

Basi karakana nzima ikafunga midomo. Siku tatu kila mtu na cherehani yake, utadhani wamegombana. Chapuchapu alimsikia shangazi akipapasa uzi na kuhema, moyo ukamuuma, lakini akakaza macho kwenye kazi yake. Alhamisi bosi aliokota shati lenye mikono miwili ya kushoto. Akaokota la pili. Na la tatu. Kabla ya saa sita shangazi alikuwa ameshachukua mkoba wake na kuondoka, bila kumuaga mtu.

Jioni binti alisimama kushukuru. "Sasa naweza kuwaambia. Nilikuwa nahesabu watu wanasaidiana mara ngapi kazini. Ningewaambia mapema, mngejifanya." Akafungua daftari. "Siku zote nne, hapa sijaona hata mara moja."

Chapuchapu aliinuka. "Tulikuwa tunasaidiana kila siku! Tumeacha ulipoingia wewe. Andika hilo!"

Binti alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Samahani, dada. Naruhusiwa kuandika nilichokiona tu."