Vali Mbili, Mpira Mmoja

Mwaka 1996 nta ya nyuki kutoka Inyonga ilikuja kwa wingi hata kiwanda kidogo cha kuisafisha pale Mpanda kikaelemewa. Magunia yalirundikana mpaka nje. Meneja, Ladislas, akaamua pipa la kuyeyushia liongezewe mvuke: pembeni ya vali iliyopitisha mvuke kutoka kwenye boila, ifungwe nyingine ya pili.

Kazi ilimwangukia Telesfori, fundi wa mabomba. Kabla hajashika spana alikwenda ofisini, akaeleza kwamba vali ya usalama iliyo juu ya pipa ina uwezo wa kutoa mvuke wa vali moja tu. Moja ikikwama wazi, hakuna shida. Zikiachia zote mbili, presha itaizidi nguvu.

"Vali mbili ziharibike siku moja, saa moja?" Ladislas aliuliza. "Umewahi kuona?"

Hakuwahi. Hata hivyo aliomba waagize vali kubwa ya usalama kutoka Dar. Akajibiwa kwamba hiyo ni kungoja wiki sita, na nta iko mlangoni. Basi akaiweka vali ya pili. Vali zile zilibanwa na hewa ya kompresa, zikikosa hewa zinafunguka. Na kwa kuwa mpira wa kuleta hewa kutoka kwenye kompresa ulikuwa mmoja, aliugawa mwishoni ukalisha zote mbili. Ilikuwa kazi safi. Aliitazama, akaridhika, akatia sahihi kwenye fomu ya kazi.

Miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mpira ukapasuka karibu na kompresa. Telesfori alisikia hewa ikipiga mluzi, akageuka, akaona mshale wa geji ya pipa unapanda. Hapo ndipo alipoelewa. Hakuna vali iliyoharibika. Zote zilikuwa nzima. Zilikosa hewa pamoja, zikafunguka pamoja. Alikimbilia kufunga mvuke kwenye boila huku akimwita Apolinari, mkoroga nta, atoke. Vali ya usalama ilinguruma kwa uwezo wake wote, na uwezo wake haukutosha. Mfuniko wa pipa uling'oka.

Apolinari alikuwa amesimama pale alipopangiwa kusimama. Nta ya moto haipanguswi, hushika ngozi. Aliishi siku tatu hospitalini.

Baada ya maziko Telesfori aliendesha baiskeli hadi Kasokola, kwa mjane Emelyne. Alimweleza yote, mpaka habari ya mpira.

"Ulijua, shemeji?"

"Nilijua vali ya usalama ni ndogo. Mpira sikuufikiria. Nilipaswa kuufikiria."

Emelyne aliweka mikono mapajani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Basi usiniambie mimi peke yangu."

Kumbe meneja alikwisha kuandika kwenye ripoti kwamba marehemu alifunga mfuniko vibaya. Telesfori alimwendea mkaguzi aliyetumwa kuchunguza ajali, akatoa maelezo yake, na sahihi yake mwenyewe akaionyesha. Kosa likaondolewa kwenye jina la Apolinari. Ladislas alihamishiwa mkoa mwingine. Telesfori alifungwa miezi minane.

Alipotoka, hakuna aliyempa tena kazi ya ufundi. Siku hizi analima huko Magamba. Akikutana na Emelyne sokoni, mama yule huitikia salamu yake, lakini hasimami.