Dakika Tatu za Dirishani

Mkataba wangu wa majaribio pale mapokezi, zahanati ya bima ya Kurasini, ulikuwa unaisha Ijumaa. Jumatatu, Brightson, afisa ubora, akaja na saa ya sekunde shingoni kama mwalimu wa michezo.

"Sista, mgonjwa akifika dirishani, ndani ya dakika tatu awe ameondoka na namba ya daktari. Wewe unatumia tisa. Ukishindwa, Ijumaa tunaagana vizuri tu."

Akakaa nyuma yangu kutwa nzima kutafuta dakika zinapotelea wapi. Akazipata, akazichorea na grafu: zinapotelea kwenye salamu.

"Kuanzia kesho, salamu zisitishwe mpaka mgonjwa apone."

Sikubisha. Nina mtoto wa mwaka na nusu, na kile kiti nilikisomea jioni miaka miwili, nanyonyesha huku naandika.

Kesho yake wa kwanza akawa Bibi Auleria, mgonjwa wa presha, ambaye hata akiumwa kitenge chake kimepigwa pasi.

"Kadi," nikasema, macho kwenye kompyuta.

Akainama kunichungulia usoni. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, umefiwa?"

"Hapana, bibi. Kadi."

"Basi umelogwa." Akaligeukia benchi. "Jamani, binti wa watu kapatwa na nini? Juzi tu kaniamkia vizuri!"

Benchi zima likaanza kunitibu. Mmoja akasema ni mtoto hanilazi, mwingine akasema hapana, huyo ni mume. Bibi akaikumbatia kadi: hatoi mpaka aamkiwe. Dakika kumi na nne. Alipopimwa, presha ilikuwa juu mpaka Daktari Bandali, mkuu wa zahanati, akatoka mwenyewe kuuliza nani kamuudhi. Brightson akaitazama saa yake. Mie nikaitazama Ijumaa.

Jumatano nikawahi, mwanangu mgongoni mpaka shangazi yake aje kumchukua. Dirisha bado limefungwa, saa bado haijaanza. Nikalipitia benchi lote: shikamoo, za nyumbani, miguu inaendeleaje? Katika kujibu, huyu akakumbuka kadi yake imeisha muda, yule kumbe kafuata majibu ya maabara tu, mwingine kadi kaiacha kwa mkwewe Mbweni. Nikaandika yote daftarini.

Dirisha lilipofunguliwa hatukuwa na la kuulizana. Brightson akabonyeza: dakika moja na nusu. Akaitikisa saa, akaiweka sikioni.

"Umefanyaje?"

"Nimesalimia."

"Si nilikataza?"

"Ulikataza dirishani, kaka. Benchini hukusema."

Alhamisi akaja na fomu mpya, *Zana ya Ukaribisho wa Awali*. Swali la kwanza: Habari za nyumbani? Weka alama: nzuri, nzuri sana, nyinginezo, fafanua. Bibi Auleria, aliyerudi kupima presha na kumkuta mwanangu tena mgongoni, akachagua nyinginezo. Akafafanua mbele na nyuma, akaomba karatasi nyingine.

Ijumaa nikaitwa kwa Daktari Bandali. Nikasukuma mlango, nikaingia. Mezani palikuwa na grafu ya Brightson, na juu yake karatasi za Bibi. Baada ya kesi nzima ya shemeji yake na mbuzi, mstari wa mwisho ulisema: *Yule mwenye mtoto mgongoni mkimwondoa, presha yangu mje kunipimia nyumbani.*

"Mwaka mmoja," daktari akasema, akanisogezea mkataba na kalamu.

Ndipo nikakumbuka kwamba kwa woga nilikuwa nimeingia bila adabu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo? Na mama?"

Pale mlangoni, kidole cha Brightson kikaenda kwenye saa.