Mgeni wa Hyasinta

Jumatatu saa mbili asubuhi watu kumi na wanne walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi mmoja wa Nyasho, mjini Musoma, wakisubiri usaili. Wageni wa ziwani, viumbe waliotoka chini ya maji, walihitaji miili ya kuishi ndani yake, na mradi ulikuwa unatafuta watu wa kuwapokea. Tangazo lilitaka wenye mapafu mazima, wasio na kifafa.

Hyasinta, muuza furu, samaki wadogo wakavu, kutoka Kabasa, Bunda, alikuja na basi la kwanza. Msimamizi, Bwana Chrispin, alimpima mapafu, kisha akamuuliza swali moja.

"Dada, ukikaa mwaka mzima hujaonekana, nani atakuja kukuulizia?"

"Nilikuwaga na mama," Hyasinta alisema. "Sasa hivi hakuna."

Akachaguliwa. Binti wa diwani, aliyekuwa na mapafu mazuri kuliko wote, alishukuriwa na kurudishwa nyumbani.

Mafunzo yalifanyika Murangi, kando ya ziwa. Kwa wiki sita waliochaguliwa walijifunza kulala chali bila kugeuka, kumeza maji ya ziwa bila kutapika, na kunyamaza ndani ya kichwa ili mgeni apate nafasi. Ryoba, fundi baiskeli kutoka Butiama, alihitimu wa kwanza. Mgeni wake aliingia Alhamisi kupitia sikio la kushoto. Ijumaa Ryoba alikula ugali na sangara vizuri, akasalimia watu wote, lakini Hyasinta alipomwita kwa jina hakugeuka.

"Ryoba yuko wapi?" Hyasinta aliuliza.

"Yupo," mgeni alijibu kwa upole, kwa kinywa cha Ryoba. "Amejisogeza."

Hyasinta alikwenda kwa Bwana Chrispin.

"Kaka, mimi naogopa. Naomba nirudi Kabasa."

"Wote wanaogopaga, dada. Na ulishasaini fomu." Akammiminia chai, kisha akaenda kufunga geti.

Zamu ya Hyasinta ilipofika, wanawake wawili walimshika mabega kwenye mkeka kando ya maji. Mgeni akaingia, wa baridi, mwembamba kama uzi. Hyasinta akafumba macho akingoja kusogezwa. Hakusogezwa. Mgeni alijikunja chini ya mbavu zake, akitetemeka.

"Usinifukuze," alisema. "Na mimi sikutaka kuja. Kule chini walituchukua sisi tusio na ndugu."

"Nani waliwachukua?"

"Wakubwa wetu. Walikaa meza moja na wakubwa wenu, wakakubaliana."

Hyasinta aliweka mkono kifuani. Hofu yake ilikuwa palepale, sasa ikiwa na mwenzake. Jioni alimpa mgeni furu, akamfundisha kutema miiba.

Wiki iliyofuata gari lilileta wengine kumi na wanane. Bwana Chrispin alimwambia Hyasinta awafundishe kunyamaza. Walikuwa wametulia, vifurushi vyao mapajani, wakimtazama.

"Niwaambie tulivyochaguliwa?" mgeni aliuliza kutoka ndani.

Hyasinta aliangalia geti. Lilikuwa na kufuli mpya.

"Karibuni," akawaambia, akaanza kuwagawia mikeka.